Maneno Matano ya Mlangoni: Ikisiri, Maneno Msingi na Mogo ya Kenton

Katika makala yoyote ya kitaaluma, ikisiri ndiyo aya inayosomwa na watu wengi zaidi, na yumkini ndiyo inayoandikwa kwa pupa kuliko zote. Mwandishi akishamaliza miaka ya utafiti na miezi ya kuandika, huketi usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya kuwasilisha, akachota sentensi mbili kutoka katika utangulizi, akaongeza moja ya hitimisho, akaiita ikisiri. Maneno msingi nayo huambulia dakika tano: lugha, fasihi, utamaduni, jamii, Kiswahili. Yote ni maneno ya kweli, na hayamsaidii mtu yeyote.

Pupa hii ina gharama. Msomaji wa leo hakutani na makala kwa kulifungua jarida ukurasa baada ya ukurasa. Hukutana kwanza na orodha ya majina ambayo mtambo wa utafutaji umemletea kwa kufuata maneno machache aliyoandika. Kisha husoma ikisiri. Kisha, iwapo ana fedha au chuo chake kinalipia, husoma makala yenyewe. Wengi huishia mlangoni. Kwa hiyo aya moja na maneno matano huamua ni nani ataijua kazi hiyo, na muhimu zaidi, ni nani hatajua kwamba iliwahi kuandikwa.

Kiswahili chenyewe hakijakubaliana juu ya majina ya vitu hivi. Muhtasari, neno lenye asili ya Kiarabu, limetwishwa kazi nyingi: ni muhtasari wa kikao, yaani kumbukumbu za mkutano, ni muhtasari wa somo unaomwongoza mwalimu darasani, na pengine ni ufupisho wa kitabu. Ndiyo maana majarida mengi yamechagua ikisiri. Kuhusu maneno ya utafutaji, jarida moja huyaita maneno msingi, jingine maneno muhimu, jingine istilahi muhimu. Hata sentensi ya kwanza ya ikisiri ina mzozo wake, kwani wapo wanaoandika "makala haya" na wapo wanaoshikilia "makala hii", na kila upande una hoja ya ngeli. Mzozo huo ni wa heri. Unaonyesha kwamba aya hii bado inajengwa.

Hata hivyo, wazo la kufupisha elimu si geni katika pwani ya Afrika Mashariki. Katika fikihi ya madhehebu ya Shafii, muhtasari ulikuwa utanzu kamili. Al-Muzani, mwanafunzi wa Imamu Shafii aliyefariki mwaka 878, aliandika Muhtasari uliosomwa kwa karne nyingi. Minhaji ya Imamu Nawawi, iliyosomeshwa katika darasa za Lamu, Mombasa na Unguja, nayo ilikuwa ufupisho wa kitabu cha Rafii, na ufupisho huo ukazaa sharhe ndefu za kina Ibn Hajar na Ramli. Muhtasari wa aina hiyo haukukusudiwa kusomwa peke yake. Mwanafunzi aliuhifadhi, na mwalimu aliyeketi mbele yake akaufungua sentensi kwa sentensi. Ufupi ulivumilika kwa sababu mfafanuzi alikuwapo.

Watunzi wa tenzi nao walikuwa na desturi inayokaribiana zaidi na haja ya leo. Mtunzi aghalabu alianza kwa kumhimidi Mungu, akaagiza wino na karatasi, akaeleza kwa nini anatunga. Mwishoni aliweza kutaja jina lake, mwaka wa Hijria na idadi ya beti. Hesabu hiyo ya beti ilikuwa na faida kwa mnakili na kwa msomaji: ubeti ukidondoka, hesabu ingesema. Kwa maneno mengine, mtunzi aliupa utenzi wake vitambulisho vya kuusafirisha, akijua kwamba utasomwa mahali ambapo yeye hatakuwapo kuutetea.

Ikisiri ya kisasa ilitoka katika karakana nyingine. Mwaka 1830 lilianzishwa Leipzig jarida la Kijerumani la kufupisha maandishi ya dawa na kemia, na mwaka 1907 Wamarekani wakaanzisha lao, kwa kuwa wanakemia walikuwa wameshindwa kusoma yote yaliyochapishwa. Mwaka 1958 Hans Peter Luhn wa IBM alieleza namna kompyuta inavyoweza kutengeneza ikisiri yenyewe: ihesabu maneno yanayojirudia, kisha ichague sentensi zenye maneno hayo kwa wingi. Hapo ndipo neno lilipoanza kuhesabiwa na mashine, na hapo pia ndipo Kiswahili kilipoanza kupotea.

Sababu yake ni sarufi. Katika Kiingereza, umoja na wingi hutofautiana mwishoni mwa neno. Mtafutaji huandika mzizi, akaweka alama ya nyota mwishoni, na mtambo ukamletea maumbo yote. Mwandishi wa Kiswahili hana bahati hiyo. Kitabu na vitabu hutofautiana mwanzoni. Shairi, mashairi na ushairi zimetawanyika katika herufi tatu za faharasa. Mswahili, Waswahili, Kiswahili na Uswahili ni familia moja iliyogawiwa vyumba vinne. Kitenzi ndicho kigumu zaidi, kwani anaandika, waliandika na kuandikiwa ni maneno matatu kwa mashine inayohesabu herufi, ilhali kwa msemaji ni tendo moja. Zipo programu za kuchambua mofolojia ya Kiswahili, lakini kanzidata nyingi za kawaida hazizitumii.

Juu ya sarufi kuna tahajia. Utenzi wa Unguja ni utendi wa Lamu, na wingi wake ni tenzi au tendi. Mwanafunzi anayetafuta umbo moja hukosa kazi za wenzake watatu. Shaaban Robert huandikwa pia Shaban. Mwana Kupona huandikwa kwa maneno mawili au kwa neno moja. Lugha yenyewe ni Swahili katika orodha za maktaba kubwa, Kiswahili katika vyuo vya Afrika Mashariki, na katika jedwali la Guthrie ni G42. Mwandishi asiyeyafikiria haya humwachia msomaji kazi ya kubahatisha, na msomaji akibahatisha vibaya mara mbili huamini kwamba hakuna kilichoandikwa.

Ugumu huu huonekana wazi zaidi pale ambapo watu wanaoandikwa hawamo katika maneno ya taaluma inayowaandika. Mfano mzuri ni Kenton, kitongoji cha kaskazini-magharibi mwa London. Kenton hata kama jina la mahali ni neno msingi lenye matatizo. Barabara ya Kenton Road kwa sehemu kubwa ndiyo mpaka wa halmashauri mbili, hivi kwamba jirani wa upande mmoja ni mkazi wa Harrow na wa upande wa pili ni mkazi wa Brent. Kabla ya mwaka 1965 eneo lote lilikuwa Middlesex, na wapo wanaoendelea kuliandika jina hilo katika anwani zao. Stesheni ya Northwick Park, ambapo mtu hupanda treni ya Metropolitan hadi Euston Square na kutembea hadi SOAS, hadi mwaka 1937 ilibeba pia jina la Kenton. Isitoshe, kuna Kenton nyingine Newcastle na nyingine Devon. Anayeandika "Kenton" peke yake katika orodha ya maneno msingi hajasema yuko wapi.

Katika nyumba za Kenton wanaishi wengi wenye asili ya Gujarat na Kachi, na miongoni mwao wamo ambao njia yao kutoka Bara Hindi hadi London ilipitia Afrika Mashariki. Kuna walioondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Kuna waliotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, wakiwahi au wakikumbwa na sheria ya uhamiaji ambayo Uingereza iliipitisha kwa haraka Machi 1968. Kuna waliotoka Tanzania baada ya sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majumba. Na kuna waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, wakipewa siku 90. Uingereza iliwapokea wapatao 28,000. Tukio hilo la mwisho ndilo lililopata jina katika magazeti na katika nyaraka, na jina hilo likawafunika wengine. Anayetafuta habari za Wahindi wa Afrika Mashariki nchini Uingereza huletewa Uganda ya 1972 kwanza. Mtu wa Kisumu, Mwanza au Unguja huhitaji kutafutwa kwa subira.

Watu hao walihama na maneno. Katika Kigujarati na Kikachi cha Afrika Mashariki, kisu, fagio na sufuria viliingia jikoni na havikutoka. Kuku wa kupaka wa pwani akawa kuku paka. Muhogo ukawa mogo, na chini ya jina hilo ukavuka bahari. Katika maduka na migahawa ya Kenton, Harrow na Wembley, mogo huuzwa ikiwa imegandishwa katika pakiti au imekaangwa kwa pilipili, na vijana wasiowahi kuiona Afrika huiagiza kwa jina hilo bila kujua kwamba wanatamka Kiswahili.

Mtafiti mmoja wa Kitanzania aliyekuwa akiandika makala kuhusu maneno hayo alikuwa na desturi ya kumtembelea mama mmoja wa Kikachi, mzaliwa wa Unguja, aliyefika London kwa kupitia Dar es Salaam. Siku moja alikwenda na rasimu ya ikisiri yake. Ilikuwa ikisiri ya kawaida. Ilisema kwamba makala yanachunguza matumizi ya lugha katika jamii lengwa ya wahamiaji jijini London, kwamba data zilikusanywa kwa mahojiano na ushuhudiaji, kwamba nadharia fulani imetumika, na kwamba matokeo yamejadiliwa na mapendekezo kutolewa. Maneno msingi yalikuwa isimujamii, diaspora, uhamaji, utambulisho, London.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hiyo karatasi yako."

Alisomewa. Alisikiliza hadi mwisho, mikono ikiwa mapajani.

"Maneno mazuri. Sasa hao uliowasema ni nani?"

"Ni nyinyi, mama."

"Sisi? Mbona hukututaja?"

Mtafiti alieleza kwamba ndivyo zinavyoandikwa, kwamba wenyewe watatajwa ndani. Mama akauliza yale maneno matano ya chini yana kazi gani. Alipoambiwa kwamba ndiyo maneno ambayo mtu akiyaandika kwenye kompyuta huletewa makala, alinyamaza kidogo.

"Mjukuu wangu yuko chuo kikuu. Kiswahili hajui. Lakini mogo anajua, fagio anajua, sufuria anajua. Mpaka juzi alidhani ni Kigujarati. Siku akitaka kujua maneno haya tumeyatoa wapi, ataandika nini hapo? Ataandika isimujamii?"

Mtafiti alicheka. Mama hakucheka. "Mimi nakwenda, mwanangu," alisema. "Yeye ndiye atakayebaki anatafuta."

Swali la mama huyo ni la kitaaluma kuliko miongozo mingi ya uandishi. Linaonyesha kasoro mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kwamba ikisiri ile iliahidi badala ya kusema. "Matokeo yamejadiliwa" si tokeo. Msomaji aliyeko Muscat au Minneapolis, asiye na namna ya kuyapata makala yote, huondoka akijua kwamba jambo fulani lilichunguzwa, asijue lilionekana vipi. Muhtasari wa Minhaji uliweza kuwa mgumu kwa sababu mwalimu alikuwapo. Ikisiri ya jarida haina mwalimu pembeni, hivyo lazima iseme yenyewe swali, ushahidi, na jibu. Kasoro ya pili ni kwamba maneno msingi yote yalikuwa ya watafiti, na hakuna hata moja lililokuwa la watafitiwa.

Ikisiri hiyo iliandikwa upya. Ilianza hivi: "Baadhi ya wazee wa Kenton, London, waliotoka Zanzibar, Kisumu na Kampala hawajihesabu kuwa wasemaji wa Kiswahili, ilhali majina ya vyombo na vyakula vyao vingi vya jikoni ni ya Kiswahili." Kisha ikasema hoja yake: kwamba lugha inaweza kuendelea kuishi katika nyumba baada ya kukoma kuhesabiwa, na kwamba jikoni huhifadhi msamiati ambao dodoso haliufikii. Maneno msingi yakawa: Kiswahili cha Wahindi, Kenton (Brent na Harrow, London), mogo na muhogo, Kigujarati na Kikachi, ukopaji wa maneno. Idadi ilibaki ileile, tano, kama jarida lilivyotaka. Kilichobadilika ni nani anaweza kuingia.

Neno "kuhesabiwa" halikuwekwa hapo kwa pambo. Sensa ya England na Wales ilianza kuuliza lugha kuu ya mtu mwaka 2011, ikauliza tena 2021, na kila mmoja alitakiwa kutaja lugha moja tu. Anayeomba kwa Kigujarati, anayesema na wajukuu kwa Kiingereza na kumwita fundi bomba Mkenya kwa Kiswahili ataandikwa kwa lugha moja, nyingine zitafutika. Mwandishi wa ikisiri hufanya kazi ileile ya karani wa sensa. Ana visanduku vichache na watu wengi. Tofauti ni kwamba karani amepewa visanduku na ofisi, ilhali mwandishi huchagua vyake mwenyewe, na kwa hiyo hana wa kumsingizia.

Uchaguzi huo si mwepesi, hasa unapohusu jina la watu. Mhindi, kwa Kiswahili, humkusanya Mgujarati, Mkachi, Mpunjabi na wengine ambao wenyewe hawangejiweka fungu moja. Neno hilo limetamkwa dukani na mitaani kwa mapenzi, na limetamkwa pia kwa kejeli. Waasia ndilo jina la nyaraka za serikali, hasa Kenya, ambako mwaka 2017 jamii hiyo ilitangazwa rasmi kuwa kabila la 44. Wagujarati huwasahau Wakachi. Hakuna neno moja lisilo na deni. Pengine njia ya haki ni kuweka jina ambalo wahusika hujiita, na kando yake jina ambalo wengine huwatafutia, kisha kueleza ndani ya makala kwa nini yote mawili yamewekwa. Kuliepuka jina kwa kuandika "jamii lengwa" ni kuwafuta kwa adabu.

Kuna suala la Kiingereza pia. Makala ya Kiswahili aghalabu hutakiwa kuwa na ikisiri ya pili kwa Kiingereza, na sharti hilo huudhi baadhi ya wanazuoni. Huudhi kwa haki pale ikisiri ya Kiingereza inapokuwa ndiyo makala machoni pa dunia, na kurasa 20 za Kiswahili zikageuka kiambatisho. Lakini mlango wa pili si lazima uwe kaburi la ule wa kwanza. Wasomaji wa milango hiyo miwili hawafanani. Msomaji wa ikisiri ya Kiswahili hahitaji kuelezwa muhogo ni nini. Huenda akahitaji kuelezwa Kenton iko wapi. Msomaji wa ile ya Kiingereza huenda akajua Kenton na asijue kwamba mogo ya pale mtaani kwake ina babu Tanga. Kwa hiyo ya pili haipaswi kuwa tafsiri ya ya kwanza neno kwa neno. Iandikwe upya kwa ajili ya mgeni wake, na maneno msingi ya Kiswahili yabaki humo kama yalivyo, mogo na muhogo bega kwa bega, ili anayetafuta kwa lugha yoyote afikishwe kwenye makala yaleyale.

Msingi wa kulinganisha upo. Jarida la Kiswahili la Dar es Salaam lina ukoo unaorudi hadi taarifa za Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Swahili Forum, lililoanza mwaka 1994 huko Köln, husomwa mtandaoni bila malipo. Thomas Geider alitumia miaka kukusanya bibliografia ya taaluma za Kiswahili, kazi ambayo mtu hawezi kuipitia bila kuona ni mambo mangapi yangepotea laiti mtu mmoja asingeyaorodhesha kwa mkono. Mwandishi yeyote anaweza kufungua matoleo machache ya majarida haya na kujiuliza kwa kila ikisiri: je, nimeambiwa kilichoonekana, au nimeambiwa tu kwamba kuna mtu aliangalia?

Kanuni zinazotokana na haya ni chache na zinafuatika. Ikisiri iandikwe mwisho, makala yakiwa yameshasema yote, na isianze kwa "makala haya" kama kuna jambo ambalo linaweza kutangulia. Itaje watu, mahali na wakati. Itoe jibu, hata kama jibu ni la kusitasita. Maneno msingi yasirudie yaliyomo katika kichwa cha makala, kwani hayo tayari yanatafutika. Neno moja liwe la taaluma, ili wanazuoni wenzake wamwone. Moja liwe la mahali, likiwa na jina la pili iwapo lipo. Moja libebe umbo jingine la tahajia au la ngeli. Na angalau moja liwe neno ambalo mtu aliyeandikwa humo, au mjukuu wake, angeliandika yeye mwenyewe bila kufundishwa.

Hilo la mwisho wahariri wachache hulidai, na hakuna mtambo unaoweza kumchagulia mwandishi. Luhn aliifundisha mashine kuhesabu maneno yanayojirudia. Neno ambalo mzee amelitamka mara moja tu, akinyanyua kifuniko cha sufuria, mashine hiyo italipita. Aliyelisikia ni mtafiti. Asipoliweka mlangoni, halitawekwa na mwingine.